Madebe Chini ya Kitanda cha Faraja

Mwezi uliopita, nikiwa na ovaroli yangu ya kazi na barakoa ikiwa imening'inia shingoni, nilimwona Faraja amekaa kwenye benchi nje ya mgahawa mmoja hapa Mikumi, pale magari ya Kidodi yanaposubiri abiria. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na saba. Nilimtambua kwa mgongo. Faraja hukaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, tabia aliyoipata kwa kifua chake, ili hewa ipate pa kupita. Pembeni yake alikaa binti wa miaka kama kumi na tano, amevaa sare ya shule, na yeye amekaa wima vilevile. Mgongo wa Faraja ulinifurahisha. Huo wa pili ndio ulionisimamisha njiani.

Tulisalimiana kwa kelele, hasa zangu. Binti akainuka, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo baba mkubwa." Nikaitikia marahaba. Faraja akanieleza kwamba huyo ni mwanawe Neema, wa kidato cha pili, na kwamba anatoka kumtoa shule ya bweni, anampeleka nyumbani Vidunda kwa gari la Kidodi, asirudi tena. "Kifua," alisema. "Kama changu tu. Likizo akiwa nyumbani ni mzima, anapanda milima na mzigo. Akirudi kwenye vitabu, wiki mbili, anabanwa. Ni masomo, Sele. Damu yetu haipatani na masomo. Wewe ni shahidi, uliniona kwa macho yako." Mimi shahidi nikasema magari ya Kidodi siku hizi yanachelewa sana, tunywe chai kwanza.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mtu wa kukosa neno. Nyoka niliyemuua kwenye miwa kule Ruhembe alikuwa na urefu wa fimbo ya kutembelea, lakini nikimsimulia kwa watu wanaocheka vizuri anaweza kulala kukatisha barabara ya lami na lori likasubiri. Habari za wazazi wangu na kuzaliwa kwangu naziacha, hazina kosa lolote. Kuna mwaka mmoja tu ambao nimekuwa nikiuruka kila ninapojieleza. Nilikuwa nasema, "Nikasoma jioni pale Kilosa, nikafaulu, nikaja Mikumi," halafu nameza mate. Ndani ya yale mate alikuwemo Faraja.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane na elimu ya darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kuuza dawa ya mende, kunguni na viroboto, kwa baiskeli yenye spika iliyopasuka, siku za kawaida Kilosa, na Jumamosi napakia baiskeli juu ya basi nakuja gulio la Mikumi. Wauza dawa tulikuwa wengi. Kilichonitofautisha ni sinia. Kila jiko nililopulizia nilirudi kesho yake kuokota maiti, nikachagua wakubwa, nikawakausha juani, na siku ya soko nikawapanga kwenye sinia la bati mstari kwa mstari kama askari wa gwaride. Watu waliacha kununua nyanya wakaja kutazama. Mende wa Kilosa wa miaka ile walikuwa wanene. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba mmoja alinifungulia mlango. Sifa zikanilevya. Watoto waliniita Profesa wa Mende, na mimi, mtu wa darasa la saba, nilikuwa naitikia. Naamini ni jina hilo lililonipeleka kwenye masomo ya jioni. Niliona aibu kuitwa profesa bila cheti cha kidato cha nne.

Nilipanga kwa Mama Shani, upande wa reli, katika nyumba aliyoijenga baba yake alipokuwa mfanyakazi wa treni. Kuta zilikuwa nene, na dirisha la chumba nilichokaa na Faraja dogo hivi kwamba hewa ikiingia ilibidi iingie kiubavu. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, meza moja, kibatari, na ramani ya Afrika niliyoibandika ili kuficha ufa. Mama Shani alikaanga vitumbua uani tangu alfajiri, na harufu ya iliki ilituamsha kabla ya jogoo. Usiku alitupa ugali na dagaa wa nazi, Ijumaa wali. Sheria yake ilikuwa moja. "Nyie wapangaji wangu, mimi nauza chakula," alituambia siku ya kwanza, akiwa ameshika mwiko. "Mdudu asivuke kizingiti hiki. Hata maiti yake. Na wewe Selemani nakutazama wewe." Nikamwapia. Niliapa nikiwa na debe moja la mende wakavu nje, chini ya kiti cha baiskeli.

Haikuwezekana kuwaacha sokoni. Dawa yenyewe niliilaza kwa fundi baiskeli, lakini mende nilipowalaza huko panya waliwatafuna kama karanga. Kwa hiyo nikawaingiza chumbani, mwishowe wakawa madebe matatu ya mafuta ya kupikia, yenye mifuniko. Kitanda changu kilikuwa kifupi, kimekalia matofali, hakina nafasi chini. Kitanda cha Faraja kilikuwa na miguu mirefu. Madebe yakakaa chini ya kitanda cha Faraja. Alipouliza ni nini nikamwambia pumba, za kuchanganyia dawa. Sikumwambia ukweli kwa sababu Faraja hakujua kudanganya, na Mama Shani angemwuliza mara moja tu.

Faraja alitoka Vidunda. Alikuwa anapima maharage ya kwao sokoni, meza ya tatu kutoka kwangu, na jioni tulikwenda pamoja kwenye darasa la shule ya msingi, tukakunja magoti hadi masikioni kwenye madawati ya watoto. Darasani humo mimi nilikuwa mchekeshaji. Yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Hesabu zilimtii. Mwalimu akikwama ubaoni aligeuka polepole kumtazama Faraja, na Faraja alimnong'oneza bila kumwaibisha. Alilotaka ni jambo moja: apate cheti, aombe chuo cha ualimu, arudi kufundisha hesabu kwenye shule ya kijijini kwao, ambayo haikuwa na mwalimu wa hesabu. Hakuwa akilisema kwa mbwembwe. Alilisema kama mtu anayesema kesho atapanda mahindi. Usiku alinifundisha, na mimi nilimlipa kwa vichekesho, nikadhani tumelipana.

Miezi miwili baada ya kuhamia chumbani kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Alipotoka Vidunda hakuwa hivyo. Kule alikuwa akipanda mlima na gunia. Sasa alikuwa akiamka ameshika ukingo wa kitanda, mabega yamepanda, anavuta hewa kama mtu anayenyonya chungwa lililokauka. Siku mbaya zaidi ilikuwa Ijumaa, na mimi, profesa, sikuona sababu. Ijumaa mchana, yeye akiwa bado sokoni, mimi nilikuwa najifungia chumbani na ungo, napepeta mende kwa ajili ya sinia la Jumamosi. Wazima huku, waliovunjika kule, na vumbi lao la kahawia likapanda likapita kwenye mwanga wa kile kidirisha, likatua. Lilitua kwenye shuka lake na mto wake. Nilikuwa nakung'uta shati langu, nafagia kidogo, naondoka nikipiga spika.

Jirani yetu Mama Kondo, aliyekuwa anakuja kuchukua vitumbua vya kuuza stendi, alikuwa na maelezo yake, nasi tuliyasikia vizuri kupitia kile kidirisha.

"Yule kijana wa Vidunda ni kusoma kunamwua," alisema. "Kichwa kikijaa, kifua kinakosa nafasi."

"Mbona Selemani naye anasoma?" aliuliza Mama Shani.

"Selemani? Umewahi kumwona Selemani anabanwa na kitabu?"

Wakacheka mpaka mafuta yakaungua. Mimi nilicheka huku chumbani. Faraja, aliyekuwa amefungua daftari, alilifunga.

Nilimpeleka mwenyewe zahanati, sikatai. Tabibu alikuwa dada mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampa dawa ya kuvuta, kisha akauliza tunaishi vipi: tunapikia nini, tunalalia nini, kuna paka. Halafu akauliza, "Chumbani kwenu mna mende?"

Faraja alinigeukia, kama alivyokuwa akinigeukia kila swali likihusu wadudu.

"Dada yangu," nikasema, "umemwuliza mtu mwenyewe. Mende wa Kilosa wakisikia spika yangu wanahama kwa miguu mpaka Dodoma."

Wagonjwa kwenye benchi walicheka. Muuguzi alicheka. Faraja alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukuta. Tabibu peke yake hakucheka.

"Sijauliza walio hai tu," alisema. "Mende akifa akakauka, maganda yake na kinyesi chake vinakuwa vumbi. Ndani ya vumbi hilo mna protini yake. Mimi na wewe tukiivuta hatusikii kitu. Mwili wa mtu kama huyu unaipokea kama adui aliyeingia nyumbani, njia ya hewa inavimba, inajifunga. Anaweza kufa nayo. Sasa nakuuliza tena. Waliokufa je?"

Nimepewa nafasi chache maishani zilizo wazi kama ile. Niliyaona madebe matatu, moja moja. Niliona pia mwiko wa Mama Shani, na vitu vyangu barabarani, na soko zima likisimulia kwamba vitumbua vya Mama Shani vilikaangwa kwenye nyumba ya mizoga. Na niliona sinia langu. Nisijipunguzie kosa: sinia ndilo nililoliona kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Hatuna, dada," nikasema.

Akaandika. Akauliza tunasomea taa gani, tukasema kibatari, akasema basi moshi nao ni mbaya, mpunguze. Tukiwa njiani Faraja alisema, "Kumbe Mama Kondo hakukosea sana." Kuanzia siku ile akaacha kusoma usiku. Alikuwa akisomea sokoni juani, kati ya mteja na mteja, vumbi la maharage kwenye kurasa, na mimi nikimwona kutoka meza ya tatu.

Ninalosema sasa ndilo linalonifanya nishindwe kujitetea kwa ujinga. Usiku wa siku hiyo ya zahanati Faraja akiwa anaoga, niliyatoa madebe yote nikayaficha nyuma ya choo, chini ya bati bovu. Kwa siku tisa sikupepeta. Siku ya nne mluzi ulipungua. Siku ya saba Faraja alikoroma, mkoromo mzito wa mtu mzima, na mimi nililala macho nikiusikiliza. Nilifurahi kama mzazi. Na hapohapo nilijua, hakuna tena labda, nimepima mwenyewe kama kwenye maabara. Ningeweza kuyamwaga madebe asubuhi yake. Nilisema nitayamwaga baada ya gulio, nikasema baada ya mtihani. Mtihani ulikuwa Jumatatu iliyofuata, karatasi ya hesabu ikitangulia.

Siku ya kumi, Alhamisi, mvua za vuli zikaanza. Zilikuja na upepo, na lile bati bovu likapeperuka. Mende wakilowa wanaoza, na mende waliooza hawapangiki kwenye sinia. Nikakimbia nikayaingiza madebe ndani, nikayarudisha palepale. Nilijiambia ni kwa usiku mmoja tu. Ijumaa nikapepeta, Jumamosi nikaja Mikumi, nikapata umati ambao hata leo nikiusimulia haupungui mia tano, ingawa walikuwa kama arobaini. Jumapili Faraja alitoka kanisani mapema akalala mchana, ili apumzishe kichwa kwa ajili ya kesho.

Jumatatu asubuhi alikuwa amevaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, akainama kufunga viatu, na hakuinuka. Alibaki ameshikilia goti. Midomo ikawa na rangi ya majivu. Ile dawa ya kuvuta aliivuta ikawa haiingii, imegonga mlango uliofungwa. Mama Shani aliacha mafuta motoni akamkumbatia kwa nyuma amkalishe wima, huku akilia na kumwita mwanangu. Tulimpeleka hospitali kwenye pikipiki ya jirani, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Nilisikia kila pumzi yake mgongoni pake, na kila moja nilidhani ndiyo ya mwisho. Walipomwekea oksijeni akanitazama, akainyanyua barakoa kidogo.

"Nenda," alisema. "Tusikose wote."

Nikaenda. Nilifika geti linafungwa. Nilifanya mtihani wa hesabu kwa hesabu alizonifundisha yeye, na nilifaulu. Mchana nilirudi nyumbani, nikayabeba madebe yote matatu nikayamwaga chooni. Mama Shani alikuwa anatoka hospitali. Akauliza, "Unamwaga nini?" Nikasema pumba zimeota ukungu. Akasema, "Mungu akubariki, angalau wewe unafanya usafi." Faraja alilala hospitali siku tano, karatasi zote muhimu zikampita. Alipotoka alirudi Vidunda, akapona, kwa sababu Vidunda hakukuwa na madebe. Akachukua ushahidi huo akauweka mahali pasipo pake: kwenye vitabu. Mimi cheti kilinipeleka kwenye kozi ya kupulizia dawa Morogoro, na leo hoteli na nyumba za wageni za Mikumi zinaniita kwa simu. Kwenye kozi mwalimu alisema kuua mende ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwondoa, kwa kitambaa kibichi, bila kufagia, vumbi lisiruke. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa najua.

Chai zilikuja. Kondakta alikuwa anaita Kidodi, Kidodi. Faraja alikuwa anamwambia binti yake amalizie kikombe, na Neema, bila kumtazama yeyote, alisema kwa sauti ndogo, "Baba, mwezi huu tunaanza mada mpya ya hesabu." Faraja akasema, "Kunywa chai, mama."

Nikasema, "Faraja, hilo gari usipande."

Nilimweleza, mbele ya mtoto, maana mtoto ndiye aliyekuwa anafukuzwa shule na uongo wangu. Nilimweleza madebe, ungo, zahanati, zile siku tisa, mvua. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, bila mzaha hata mmoja. Nikamwuliza Neema bweni lao likoje. Akasema wanalala na masanduku ya chakula chini ya vitanda, mende ni wengi, na wanafagia kila asubuhi hadi vumbi linajaa. Nikamwambia Faraja kwamba ndiyo hao, si vitabu. Apelekwe kwa daktari apimwe, bweni lisafishwe, mimi nitalisafisha bure.

Faraja alilitazama gari la Kidodi mpaka likaondoka.

"Siku ya mtihani ulikuwa unajua," alisema.

"Nilijua tangu zahanati."

"Swali la kwanza lilikuwa nini?"

"Lipi?"

"La hesabu. Ile Jumatatu."

Nikatafuta. Nilitafuta kwa dhati, kwani kwa wakati ule ningempa chochote. "Sikumbuki," nikasema.

"Mimi nimelitunga mara nyingi," alisema. "Nikiwa shamba. Nalitunga, nalijibu." Akamgeukia binti yake. "Neema, funga begi vizuri. Tunarudi shule."

"Leo, baba?"

"Leo."

Kisha akanisogezea daftari la Neema na kalamu. "Mkuu wa shule hatanisikiliza mimi, mkulima wa Vidunda, nikimwambia habari za protini. Wewe una cheti na ovaroli. Andika. Weka na kazi yako chini."

Niliandika ukurasa mzima, kwa lugha ya ofisi, nikaeleza vumbi la mende, njia ya hewa, masanduku, kitambaa kibichi, nikasaini, nikaweka na namba ya simu. Nilimpa. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kama alivyokuwa akikagua hesabu zangu kwenye ile meza moja. Alipomaliza akalirudisha daftari mbele yangu, na kalamu juu yake.

"Hujaandika umejuaje," alisema.

Neema alikuwa ananitazama. Nikafungua ukurasa mpya, nikaanza na madebe.